Silki wako anaumwa? Mshike kwanza

Anayenipigia simu kuhusu silki wake, yule kuku mwenye manyoya laini kama hariri, mara nyingi huwa tayari yuko mlangoni pa duka la dawa za mifugo, anataka nimtajie dawa. Mimi namuuliza: umemshika? Hajamshika. Amemtazama tu, akamwona amejikunyata, akachukua bodaboda.

Silki humdanganya anayemtazama. Manyoya yake hayana vile vindoano vidogo vinavyoshikanisha nyuzi za unyoya wa kuku wa kawaida, ndiyo maana yanatimka kama sufi. Kuku aliyebaki mifupa anaonekana wa duara vilevile kama mwenzake aliyeshiba. Ngozi yake ni nyeusi, mifupa nayo nyeusi, upanga wake una rangi ya forosadi iliyoiva. Ule ujuzi wetu wa kumtambua kuku wa kienyeji anayeumwa kwa kuangalia upanga uliopauka, kwa huyu hausaidii. (Nilipomchinja jogoo mmoja, bibi wa jirani alichungulia sufuriani akaniambia, "Mwanangu, huyo kafa kwa sumu, mfukie." Nilikula peke yangu.)

Kwa hiyo mchukue jioni akiwa ametulia. Pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari: ukiukuta umechongoka kama ukingo wa kisu na nyama pembeni imebonyea, ujue kuku huyo hakuanza kuumwa leo. Papasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Jioni linatakiwa liwe limejaa, na asubuhi kabla hajala liwe tupu. Likiwa limejaa maji asubuhi na mdomo unanuka kama togwa iliyochacha, chakula hakishuki. Nusa pua. Inua mkia utazame kinyesi kilichoganda. Funua manyoya chini ya mbawa kwa tochi ya simu. Hayo yote hayafiki dakika tano, na mara nyingi jibu linapatikana hapo.

Mimi nafugia Kibosho, juu ya Moshi, kwenye kihamba ambacho jua linaingia kwa vipande kati ya migomba. Ukungu wa Juni na Julai unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi. Mengi nitakayoeleza yanatokana na ubaridi na unyevu wa huku. Aliye Moshi mjini au Kisongo kwenye vumbi atasumbuliwa na joto na mafua kuliko mimi.

Amejikunyata, hali, macho yamefumba nusu

Ikiwa ni masika, mguse manyoya ya tumbo kwanza. Maji hayatelezi juu ya silki kama yanavyoteleza kwa kuku wengine. Yanaingia moja kwa moja hadi kwenye ngozi. Huyu ni kuku anayeweza kufa kwa mvua ya saa moja iliyomkuta nje, hasa akiwa mdogo. Tena hajui kuruka, na wengi hawapandi kwenye fito. Wanalala chini, wamerundikana kona moja. Maranda yakilowa, wanalala kwenye maji usiku kucha na wewe asubuhi unasema wameshikwa na mafua.

Mfute kwa taulo, mweke ndani ya boksi jikoni au karibu na balbu mpaka akauke kabisa hadi chini kwenye ngozi, mpe maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo na uji mzito wa chakula chake. Kama ilikuwa baridi tu, baada ya saa mbili au tatu utamwona anajitikisa na kuanza kudonoa. Asipobadilika mpaka kesho yake, rudi kwenye kidari, gole na kinyesi.

Halafu lishughulikie banda. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi, paa litokeze mbele ili mvua ya upepo isiingie, maranda yawe makavu kiasi kwamba ukiyafumbata na kuyaachia yanasambaa. Maranda ya mbao ni bora kuliko majani ya migomba, ambayo huku kwetu ni ya bure lakini yanashika maji na kuota ukungu. Msizibe madirisha yote kwa kuogopa baridi. Banda lililozibwa linajaa harufu ya mkojo inayochoma macho, na hapo ndipo mafua yanapoanzia. Upepo upite juu ya vichwa vyao, usiwapige mwilini.

Kama hakulowa, uso umevimba upande mmoja, pua inatoa ute na ule ute unanuka vibaya, hayo ndiyo mafua ya kuku yenyewe. Mtenge siku hiyohiyo na umwite mtaalamu wa mifugo, maana hapo ndipo antibiotiki ina kazi.

Shingo imepinda

Hili ndilo tatizo linalowatia watu hofu kuliko yote, na ndilo ninaloulizwa zaidi. Kuku anageuza kichwa juu chini, anarudi kinyumenyume, anaanguka, anajikunja kama anatafuta kitu mgongoni. Watu wanasema karogwa, au wanachinja haraka. Usichinje. Kwanza jibu maswali mawili: ni mmoja au ni wengi? Na wana chanjo ya kideri?

Wakiwa wengi, wakianza kuhara kijani, kukohoa na kuhema kwa mdomo wazi, na vifo vikaanza kuhesabika kwa siku, hicho ni kideri, ambacho wengine huita mdondo. Hakina dawa. Anayekuuzia dawa ya kideri anakuuzia maji. Mwarifu afisa mifugo wa kata, choma au fukia kirefu waliokufa, usiwapeleke wazima sokoni ili kuokoa hela, maana utakuwa umekipeleka kideri kwa wenzako. Kinga yake ni chanjo ya matone ya jicho, ile ya I-2, inayorudiwa kila miezi 3. Kwa silki kuna hila ndogo: inua kishungi, hakikisha tone limeingia jichoni na kuku amepepesa, vinginevyo tone linabaki kwenye manyoya na wewe unadhani umechanja. Chanjo ikishachanganywa itumike siku hiyohiyo, na ibebwe kwenye ubaridi, si mfukoni.

Akiwa mmoja na wenzake wazima, sababu ya kwanza ninayoitafuta iko chini ya kishungi. Papasa kichwa taratibu. Silki wengi wana nundu juu ya fuvu, na mfupa wa hapo huchelewa kufunga, kwa wengine haufungi maisha yao yote. Kuku wa kawaida akidonolewa kichwani anapiga kelele na kuondoka. Silki akidonolewa hapo ubongo unapata mshtuko. Nimeona kuku aliyepinda shingo baada ya kugonga kichwa kwenye mlango mdogo wa banda. Ndiyo sababu sichanganyi silki na kuchi wala na kuku wakubwa wenye hasira. Mtu atakuambia wake wanaishi pamoja vizuri tu. Wanaishi vizuri mpaka siku moja.

Sababu ya pili ni lishe. Upungufu wa vitamini E na madini ya seleniamu unaharibu ubongo wa kifaranga na shingo inapinda. Upungufu wa vitamini B1 nao unamfanya atazame angani. Chakula kilichokaa dukani miezi mingi kinapoteza vitamini zake hata kama gunia ni zuri. Mahindi yaliyoota ukungu ni mabaya zaidi kwa sababu ya sumukuvu. Na hapa niseme na wenzangu wa vihambani: machicha ya mbege yaliyolala siku mbili kwenye ndoo si chakula cha silki, hata kama kuku wa kienyeji wanayagombania.

Tiba ya shingo ni uvumilivu. Mtenge kwenye boksi lenye taulo pembeni asijigonge. Mpe kila siku kidonge kimoja laini cha vitamini E cha 400 IU kinachouzwa duka la dawa za binadamu, ukitoboe na kumdondoshea mdomoni, pamoja na vitamini B za kuchanganya na maji na kipande cha yai lililochemshwa kwa ajili ya seleniamu. Usimnunulie seleniamu ya vidonge, ikizidi ni sumu. Kazi kubwa ni kumlisha kwa mkono. Kuku wa namna hii hafi kwa shingo, anakufa kwa njaa na kiu huku chakula kiko mbele yake, kwa kuwa hawezi kukilenga. Mshikilie kichwa kikae sawa, mchovye ncha ya mdomo kwenye maji bila kuzamisha pua, mara nne au tano kwa siku. Tarajia wiki mbili, hata mwezi. Wapo wanaopona kabisa, wapo wanaobaki na kichwa cha upande na bado wanataga.

Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma

Silki wa miezi 3 au 4, aliyekuwa mzima, anaanza kuchechemea, kisha analala mguu mmoja ukiwa umenyooka mbele na mwingine nyuma, bawa limeshuka, kidari kinakonda ingawa anakula. Hapo mawazo yaende kwenye mahepe, ugonjwa wa virusi unaoleta uvimbe na kupooza. Silki ni miongoni mwa kuku wanaoathirika sana na ugonjwa huu. Virusi vyake vinatoka na ukoko wa manyoya na kukaa kwenye vumbi la banda kwa miezi mingi, kwa hiyo kuosha sakafu mara moja hakutoshi.

Hauna tiba. Chanjo yake hupigwa kifaranga akiwa na siku 1, chini ya ngozi ya shingo, kazi inayofanywa kwenye vituo vya kutotolesha. Vifaranga walioanguliwa na mama yao kihambani kwa kawaida hawaipati, na chanjo ya kideri haiwakingi na mahepe. Ukinunua vifaranga uliza wazi: wamechanjwa mahepe? Muuzaji akijibu "wamechanjwa zote", muombe akutajie moja moja. Na chanjo haizuii virusi kuingia, inazuia visilete uvimbe na kupooza, kwa hiyo kuku aliyechanjwa bado anaweza kumwambukiza asiyechanjwa.

Kabla hujahukumu mahepe, angalia umri. Kifaranga wa wiki 2 anayetembea kwa visigino na vidole vimejikunja ndani kama ngumi ana upungufu wa vitamini B2, na ukimpa mapema ananyooka. Tazama pia nyayo: jipu lenye kigaga cheusi katikati linamfanya achechemee, na kwa silki linajificha kwenye manyoya ya miguuni. Na kile kidole cha tano si kilema. Silki halisi ana vidole vitano, usikikate. Punguza kucha yake tu, maana haigusi ardhi na hivyo haiishi yenyewe, inajikunja hadi kuingia nyamani.

Ukitaka uhakika wa kuku aliyekufa, Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, ina kituo Arusha. Peleka mzoga mbichi kwenye barafu, si uliogandishwa kwenye friza siku nne.

Vifaranga: kilio, matako na damu

Sikiliza kabla hujaangalia kipimajoto. Vifaranga walio sawa wananong'ona. Wanaolia kwa sauti kali na kurundikana chini ya taa wana baridi. Waliotawanyika ukutani midomo wazi wana joto. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka waote manyoya. Huku juu mimi naongeza wiki moja nzima kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu manyoya ya silki hata yakiota hayazuii baridi sana.

Umeme ukikatika usiku, tunarudi kwenye jiko la mkaa. Liwashe nje mpaka moshi wote uishe na mkaa uwe mwekundu, livalishe chungu au bati wasijiunguze, na acha nafasi ya hewa juu ya ukuta. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, nayo inaua vifaranga kama ile baridi uliyokuwa unaizuia.

Matako yameziba kinyesi siku ya 2 au ya 3? Mara nyingi ni baridi, joto kupita kiasi au safari ndefu ndani ya boksi. Kwa silki ule laika mwingi unashika kinyesi haraka. Lowesha kwa pamba na maji ya uvuguvugu mpaka kilainike chenyewe, usivute, kisha paka mafuta ya mgando kidogo. Angalia usikwangue kitovu ukidhani ni uchafu. Nimeshaona mtu akifanya hivyo.

Damu kwenye kinyesi, au kinyesi cha rangi ya ugoro kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6, manyoya yamesimama, mbawa zimeshuka: koksidia. Hii unaweza kuianzia dukani. Omba amproliamu, ichanganye kwenye maji kwa kipimo cha pakiti kwa siku 5 hadi 7, na maji hayo yawe ndiyo maji pekee waliyo nayo. Usiwape vitamini B siku hizo, kwani amproliamu inafanya kazi kwa kuwanyima wadudu vitamini B1 na wewe utakuwa unawalisha. Na badili maranda. Koksidia inahitaji unyevu ili ikomae. Bandani mwenye maranda makavu dawa inatosha mara moja, kwenye maranda mabichi utanunua kila mwezi.

Anashtuka, anaonewa, hali akiwa na wenzake

Pengine haoni. Kishungi kimefunika macho, mkono wako unamtokea ghafla, mwenzake anamdonoa kutoka upande asiouona. Punguza manyoya yaliyo mbele ya macho kwa mkasi butu, au yafunge kwa mpira laini wa nywele. Nimewahi kumpa mtu ushauri huu baada ya yeye kumaliza chupa mbili za antibiotiki. Kuku alipona siku hiyohiyo. Ndevu nazo zikilowa kila anapokunywa zinaganda uchafu na macho yanaambukizwa, hivyo tumia chombo chembamba cha maji, au chuchu za kunywea.

Vipele, magamba, kujikuna

Upanga wa silki una mabonge kwa asili. Wengi wanaoanza wanadhani ni ndui. Ndui ni vigaga vinavyoongezeka, kwenye kope na pembeni mwa mdomo pia, na huletwa na mbu. Palie kuzunguka banda, mwaga maji yaliyosimama, na chanja kwenye ngozi ya bawa kabla msimu haujafika.

Miguu yenye magamba yaliyoinuka ni utitiri wa miguuni. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani, paka mafuta ya mgando mpaka yajae chini ya magamba, rudia kila baada ya siku 3 kwa wiki kadhaa. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi. Yaache kwenye kibatari. Chawa utawaona karibu na matako, na mayai yao yameshika mashina ya manyoya. Wape beseni la udongo mkavu na majivu ya kuni mahali pasiponyeshewa.

Anaatamia na hataki kutoka

Huu si ugonjwa, ingawa unaweza kuwa. Tetea wa silki ataatamia mayai, ataatamia jiwe, ataatamia sehemu tupu. Akitaga mayai kama 12 tu, anakaa. Asipotolewa anakonda, maana anashuka mara moja kwa siku, na chawa wanamjaa. Kama huna mayai ya kumwekea, mweke siku 3 au 4 kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, kimeinuliwa ili hewa ipite chini ya tumbo, chakula na maji vikiwepo. Joto la tumbo likishuka, hamu inaisha.

Lakini wengi huku tunawataka kwa sababu hiyohiyo. Anaangua mayai ya kuku kwa siku 21, ya kanga kwa siku 28 hivi, hata ya bata akiwekewa. Usimjaze: mayai 6 hadi 8 ya kuku wa kienyeji yanamtosha, maana mwili wake ni mdogo. Na vifaranga wakishatoka, mchunguze mama asubuhi na jioni kwa siku chache za kwanza. Manyoya yake marefu ya tumboni hujisokota shingoni na miguuni mwa vifaranga na kuwanyonga. Mpunguze manyoya ya tumboni kabla ya siku ya 18 ya kuatamia.

Mayai hayatotoi, au wametoka vifaranga wasio silki

Pima yai siku ya 7 kwa tochi ya simu gizani. Mengi yakiwa meupe bila mishipa, hayana mbegu. Kabla hujamlaumu jogoo, tazama manyoya ya nyuma: yakiwa mazito kwa wote wawili, mbegu haifiki. Yapunguze kuzunguka matako ya jogoo na tetea. Jogoo mmoja kwa matetea 5 hadi 8. Hakikisha pia kwamba ni jogoo kweli, kwa kuwa silki hawatambuliki jinsia mapema. Nilimlisha "tetea" wangu mmoja hadi mwezi wa sita, ndipo akawika.

Vifaranga wakiota manyoya magumu ya kawaida mbawani, ingawa wana vidole vitano na ngozi imeingia weusi, jogoo wa jirani amepita kwenye masale, ule ua wa mpakani. Unyoya wa hariri hujitokeza pale tu kifaranga anapourithi kwa baba na kwa mama. Mkichanganya na kienyeji, kizazi cha kwanza chote kinatoka na manyoya ya kawaida. Hawa ni kuku wazuri wa kufuga, ila usiwauze soko la Mbuyuni kwa jina la silki.

Kumtoa huyo jogoo hakumalizi jambo siku hiyo. Tetea anahifadhi mbegu mwilini kwa wiki mbili hadi tatu. Mfungie na silki dume wako, subiri wiki nne ndipo uanze kukusanya mayai ya kuatamisha. Yale ya katikati kaanga.